Sarafu ya kidijitali ya benki kuu kwa malipo ya kila siku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Sarafu ya kidijitali ya benki kuu ni kitu gani hasa?

Ni pesa ile ile ya nchi, thamani ile ile, isipokuwa haichapishwi. Inatunzwa kama rekodi ya kielektroniki, na benki kuu yenyewe ndiyo inayodaiwa. Noti uliyo nayo mfukoni ni ahadi ya benki kuu. Salio lako katika benki ya biashara ni ahadi ya benki hiyo, na siku ikifilisika utaanza kuulizia bima ya amana inalipa mpaka kiasi gani. Kwa miaka mingi mwananchi wa kawaida hakuwa na namna ya kushika ahadi ya benki kuu ila kwa noti na sarafu za chuma. Sarafu ya kidijitali inamfungulia njia ya pili.

Ipo pia aina inayotumiwa na benki zenyewe kwa zenyewe kulipana madeni. Hapa tunaizungumzia ile ya mnunuzi na muuzaji.

Si ndizo hizi hizi pesa za kwenye simu?

Kwa macho zinafanana sana. Unafungua menyu, unaandika namba, unaweka namba ya siri, ujumbe unaingia. Tofauti iko nyuma ya pazia. Pesa ya simu hutolewa na kampuni, na nchi nyingi huilazimisha kampuni hiyo iweke benki kiasi kinacholingana na masalio yote ya wateja, katika akaunti ya udhamini isiyoguswa kwa matumizi ya kampuni. Kampuni ikianguka, pesa za wateja ziko benki. Benki iliyozishika ikianguka, hapo ndipo kichwa kinapouma, na ndiyo maana kampuni kubwa huzigawanya katika benki kadhaa. Sarafu ya benki kuu haina mlolongo huo: unaidai benki kuu moja kwa moja.

Ila tuseme ukweli: kwa mtu anayelipa nauli, tofauti hiyo haina uzito wowote. Hakuna anayesimama mbele ya muuzaji akiwaza ni nani anayedaiwa. Anachowaza ni kama itapokelewa na atakatwa kiasi gani. Waliobuni sarafu hizi wengi walianza na hoja za benki kuu badala ya maswali hayo mawili, na sehemu kubwa ya yanayofuata hapa chini ni matokeo ya uamuzi huo.

Kwa hiyo ni sawa na Bitcoin?

Hapana. Bitcoin haina mtoaji wala anayedaiwa, na bei yake hupanda na kushuka kila saa. Sarafu ya benki kuu ina mtoaji anayejulikana na thamani yake ni sawa na noti. Mkanganyiko unatokana na teknolojia: baadhi ya mifumo, kama eNaira ya Nigeria, ilijengwa kwa bloksheni, yaani daftari la kielektroniki lenye nakala nyingi, kama lile la Bitcoin. Jamaica ilitoa yake bila bloksheni kabisa, na mteja hakuona tofauti.

Nchi zipi zimeshaijaribu, na ilikwendaje?

Mara nyingi hutajwa Bahamas kuwa ya kwanza kuizindua nchi nzima, Oktoba 2020, kwa jina la Sand Dollar. Sababu yao ilikuwa nzito kuliko za wengi. Nchi ina visiwa takriban 700, kama 30 hivi ndivyo vinavyokaliwa na watu, na kupeleka tawi la benki au noti katika kila kisiwa ni gharama kubwa. Kimbunga Dorian kilipopiga Septemba 2019 kilionyesha jinsi huduma za benki zinavyoweza kutoweka kwa siku moja. Hata hivyo, miaka kadhaa baada ya uzinduzi Sand Dollar ilikuwa bado chini ya asilimia 1 ya fedha zilizo katika mzunguko.

Nigeria ilifuata tarehe 25 Oktoba 2021. Utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliotoka 2023, ukiangalia mwaka wa kwanza wa eNaira, ulikuta kwamba katika wiki yoyote ile asilimia 98.5 ya pochi, yaani akaunti za simu za kuwekea sarafu hiyo, hazikutumika hata mara moja. Jamaica ilizindua JAM-DEX mwaka 2022 na kuahidi dola 2,500 za Jamaica kwa watu 100,000 wa kwanza kujiunga. India ilianza majaribio ya rejareja Desemba 2022. China imekuwa ikijaribu e-CNY, yuan ya kidijitali, kwa miaka, mji baada ya mji, na ndiyo yenye mradi mkubwa kuliko wote.

Iko nchi nyingine isiyokumbukwa sana, nayo ni Ecuador. Benki kuu yake ilianzisha pesa ya kielektroniki ya simu kati ya 2014 na 2015, wakati wengine hata hawajaanza kuandika ripoti. Ilitumia simu za kawaida na haikuhitaji akaunti ya benki. Ikafungwa 2018. Ecuador inatumia dola ya Marekani tangu mwaka 2000, baada ya sarafu yake kuporomoka, na watu walishuku kwamba serikali inatafuta mlango wa nyuma wa kuwarudisha kwenye sarafu ya nyumbani. Mfumo ulifanya kazi vizuri tu. Kilichokosekana ni imani kwa aliyeutoa, na hicho hakinunuliwi kwa zabuni.

Kwa nini watu wanafungua pochi kisha hawazitumii?

Anza na muuzaji mdogo. Ana simu moja, mara nyingi ya kitochi. Mteja akisema amelipa, muuzaji anasubiri ujumbe uingie kwenye simu yake mwenyewe, kwa sababu ujumbe anaoonyeshwa kwenye simu ya mteja unaweza kuwa wa kughushi. Foleni inasubiri. Baada ya hapo ana hesabu nyingine: pesa iliyoingia ataitumia wapi? Kama msambazaji wake wa bidhaa anapokea pesa ya simu na keshi, lakini hapokei sarafu mpya, basi malipo hayo kwake ni mzigo wa kwenda kuubadilisha. Atamwambia mteja anayefuata kwamba mtandao unasumbua. Si lazima awe anadanganya, lakini safari hii huenda anadanganya.

Sasa nenda kwa wakala. Wakala ndiye anayegeuza keshi kuwa salio na salio kuwa keshi, na hafanyi hivyo kwa hisani; anaishi kwa kamisheni. Mtaji wake umegawanyika: sehemu iko droo, sehemu iko kwenye floti, yaani salio la kufanyia kazi, ya kila kampuni anayoihudumia. Ukimletea sarafu mpya unamtaka atenge floti nyingine, yaani apunguze pesa inayomwingizia kipato leo aiweke mahali ambapo huenda wasije wateja wawili kwa wiki. Benki kuu zilipotangaza kwa fahari kwamba miamala itakuwa bure, wachache waliuliza wakala atalipwa na nani. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, kampuni ilitumia nguvu kubwa kujenga na kulea mtandao wa mawakala. Programu ya simu haikuwepo kabisa. Kulikuwa na menyu kwenye laini.

Benki za biashara nazo hazina haraka. Kila shilingi au naira inayohamia kwenye sarafu ya benki kuu inatoka kwenye amana zao. Kuziomba zitangaze bidhaa inayopunguza amana zao ni kuomba mengi.

Ruzuku husaidia kwa muda. Nchini India miamala ya rupia ya kidijitali ilifikia milioni 1 kwa siku mwishoni mwa 2023, baada ya benki kuwalipa wafanyakazi wao baadhi ya posho kwa sarafu hiyo na kutoa motisha kwa wateja. Motisha zilipopunguzwa, kufikia katikati ya 2024 miamala ilikuwa imeshuka hadi kama sehemu moja ya kumi. Kwa maoni yangu takwimu hiyo inafundisha kuliko ripoti nzima za uzinduzi.

Itafanya kazi pasipo mtandao?

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo hata hotuba rasmi huyachanganya. Kulipa bila *intaneti* kunawezekana siku nyingi: unabonyeza nyota, namba na reli, na simu yoyote inakubali. Nigeria iliongeza njia hiyo kwenye eNaira mwaka 2022, karibu mwaka mzima baada ya uzinduzi, ilhali ndiyo ingetangulia. Lakini njia hiyo bado inahitaji mnara wa simu ulio hewani. Kulipa bila *mtandao wowote*, mnara umezimika na umeme hakuna, ni kazi nyingine kabisa.

Inafanyika hivi. Thamani huhifadhiwa ndani ya chipu yenye ulinzi, ama kwenye kadi ama kwenye simu. Ukigusisha kadi yako na kifaa cha muuzaji, chipu yako inapunguza kiasi, inatia sahihi ya kidijitali, na chipu ya pili inaithibitisha sahihi hiyo kisha inaongeza kiasi kile kile. Hakuna anayepiga simu makao makuu. Baadaye, muuzaji akifika penye mtandao, orodha ya miamala inapandishwa na kulinganishwa.

Hatari iko wazi: mtu akifanikiwa kuivunja chipu, anaweza kutumia pesa moja mara nyingi, na wizi hautaonekana mpaka vifaa viungane tena. Kwa sababu hiyo huwekwa ukomo wa kiasi, na idadi ya mara unazoweza kulipa kabla ya kulazimika kuunganisha. Ukipoteza kadi yenye salio la ndani, kwa kawaida imekwenda kama noti iliyodondoka. Ghana ilijaribu kadi za namna hii kwa ajili ya eCedi, sarafu yake ya kidijitali, katika eneo la Sefwi Asafo, na ni moja ya majaribio machache yaliyoanzia mahali penye shida yenyewe badala ya jiji kuu.

Nikiulizwa ni kipengele gani kingeifanya sarafu hii iwe na faida ambayo pesa ya simu haina, nitataja hiki, na sina cha pili.

Mfumo wenyewe ukianguka inakuwaje?

Imeshatokea. Benki Kuu ya Karibi Mashariki, inayohudumia visiwa kadhaa kwa pamoja, ilizindua majaribio ya sarafu yake ya kidijitali, DCash, Machi 2021. Januari 2022 mfumo ulisimama, na chanzo kilikuwa cheti cha usalama kilichokwisha muda wake bila kuhuishwa. Huduma ilirudi Machi, karibu miezi miwili baadaye. Majaribio hayo yalifungwa Januari 2024 ili kujenga toleo jipya.

Bahati ni kwamba waliokuwa wakiitegemea walikuwa wachache. Uliza swali hilo hilo pale ambapo mishahara na malipo ya hospitali vyote vinapita njia moja.

Serikali itaona kila ninachonunua?

Inategemea mfumo ulivyojengwa, na zaidi inategemea sheria. Miundo mingi ina ngazi mbili: benki kuu inatoa sarafu, benki na kampuni zenye leseni zinashughulika na wateja. Benki kuu inaweza kuona miamala bila majina, huku kampuni ikishika majina. Hiyo ni ahadi ya kiufundi, nayo hudumu kadiri sheria inavyozuia kuunganisha daftari hizo mbili.

Wengine wameweka madaraja. Bahamas iliruhusu pochi ya daraja la chini isiyohitaji kitambulisho cha serikali, yenye ukomo wa dola 500 za Bahamas kwa salio na 1,500 kwa mwezi. Ni wazo zuri. Lakini katika nchi ambako kila laini ya simu imesajiliwa kwa jina na alama za vidole, pochi iliyofungwa kwenye namba ya simu haina usiri mkubwa hata kama fomu haikuuliza jina.

Na pesa ya simu je? Kampuni tayari inaona kila muamala wako, na polisi wenye amri ya mahakama wanaweza kuomba taarifa. Kinachobadilika ni kwamba kumbukumbu zinasogea karibu zaidi na serikali. Nchi isiyo na sheria imara ya kulinda taarifa binafsi, na chombo chenye meno cha kuisimamia, ingetunga hiyo kwanza.

Wanaweza kuipa pesa yangu tarehe ya mwisho wa matumizi?

Kiufundi, ndiyo. Oktoba 2020 mji wa Shenzhen, China, uligawa yuan milioni 10 za kidijitali kwa watu 50,000 waliopatikana kwa bahati nasibu, kila mmoja yuan 200. Zilitakiwa kutumika ndani ya siku chache katika maduka yaliyoteuliwa, zisizotumika zilirudishwa. Hiyo ilikuwa zawadi, si mshahara wa mtu.

Kuna matumizi halali ya masharti kama hayo, mfano ruzuku ya mbolea inayoweza kulipia mbolea tu. Lakini vocha hufanya kazi hiyo hiyo, na jina lake linamweleza mpokeaji wazi kwamba alichopewa kina masharti. Pesa yenye masharti ikianza kuitwa pesa tu, muuzaji atakayeipokea atalazimika kukagua kila malipo kabla ya kuyakubali.

Makato yatapungua?

Huenda yakapungua, kwa sababu benki kuu haitafuti faida. Ila angalia makato yako yana nini ndani. Sehemu ni mapato ya kampuni, sehemu ni kamisheni ya wakala, na sehemu ni kodi. Ghana iliweka tozo ya asilimia 1.5 kwa miamala ya kielektroniki Mei 2022, na ikaifuta 2025. Tanzania iliweka tozo ya miamala ya simu Julai 2021, watu wakalalamika, ikapunguzwa. Makato ya namna hiyo hutoka bungeni, na bunge linaweza kuyaweka juu ya sarafu ya benki kuu kwa mswada mmoja.

Benki za biashara zinaogopa nini?

Chukua mteja mwenye 10,000 kwenye akaunti ya akiba. Akihamisha 4,000 kwenda kwenye sarafu ya benki kuu, benki yake inapoteza amana ya 4,000 na lazima ilipe kiasi hicho kutoka kwenye akiba yake iliyoko benki kuu. Wakifanya hivyo wateja wengi, benki inabaki na kidogo cha kukopesha, au inatafuta pesa ghali kwingine na mkopaji analipia. Siku za uvumi mambo huwa mabaya zaidi: zamani kukimbiza pesa kulihitaji kupanga foleni mlangoni, sasa kunahitaji vidole tu, usiku wa manane. Ndiyo sababu karibu kila sarafu ya aina hii imewekewa ukomo wa salio, na nyingi zilianza bila kulipa riba.

Itazuia mfumuko wa bei?

Haitazuia. Naira iliposhuka kwa kasi baada ya Juni 2023, eNaira ilishuka nayo, sawasawa.

Noti zitaondolewa?

Benki kuu zilizozindua kwa kawaida zimesema hapana, na ni busara kuzidai zibaki na msimamo huo. Mwanzoni mwa 2023 Nigeria ilibadilisha noti zake na kukawa na uhaba mkubwa wa keshi. Pochi za eNaira ziliongezeka hadi takriban milioni 13 kufikia Machi. Kwenye karatasi yalikuwa mafanikio. Mitaani watu walilala nje ya mashine za kutolea pesa, na wengi waliopata njia mbadala waliipata kwenye programu za kampuni binafsi na uhamisho wa kawaida wa benki. Kuwakosesha watu keshi si namna ya kuwafundisha kulipa kidijitali.

Itarahisisha kutuma pesa nje ya nchi?

Siku moja, labda. Umoja wa Mataifa umeweka lengo la gharama ya kutuma pesa nyumbani kushuka chini ya asilimia 3 ifikapo 2030, na Afrika kusini mwa Sahara imekuwa ghali kuliko kanda nyingine. Lakini gharama hiyo hutokana na ubadilishaji wa fedha, ukaguzi wa utakatishaji wa fedha haramu na ushindani mdogo. Mradi kama mBridge, uliozihusisha China, Hong Kong, Thailand na Umoja wa Falme za Kiarabu, ni wa malipo kati ya benki. Mfanyakazi anayemtumia mama yake pesa bado yuko mbali nao.

Kuna njia nyingine ya kufikia malengo hayo hayo?

Ipo, na kwa nchi nyingi naiona bora: kuunganisha mifumo iliyopo. Brazil ilizindua Pix, mfumo wa kulipana papo hapo, Novemba 2020. Benki kuu iliimiliki na kuiendesha, ikazilazimisha benki kubwa kujiunga, ikaifanya bure kwa watu binafsi. Pesa inayotembea ni ile ile ya akaunti za kawaida, na ndani ya miaka michache ikawa njia kuu ya malipo nchini. India ilikuwa na UPI, mfumo wa kuhamisha pesa papo hapo kati ya benki, tangu 2016, jambo linaloeleza kwa nini rupia ya kidijitali haina pengo kubwa la kuziba. Kambodia ilizindua Bakong Oktoba 2020, ikiunganisha benki na pochi tofauti chini ya benki kuu.

Benki Kuu ya Kenya ilitoa waraka wa kukusanya maoni Februari 2022, na mwaka 2023 ikasema kwamba kwa muda mfupi hadi wa kati jambo hili si kipaumbele cha lazima. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Januari 2023 kwamba itakwenda kwa hatua na kwa tahadhari. Wapo waliouita huo woga. Mimi nauona ni usomaji mzuri wa soko lenye pesa ya simu kila kona.

Nchi yenye kampuni moja tu iliyoshika malipo yote, au yenye visiwa na vijiji vilivyo nje ya kila mtandao, ina hesabu tofauti, na huko hoja ya sarafu ya benki kuu ina nguvu.

Nimetumiwa ujumbe kwamba benki kuu inagawa sarafu ya kidijitali na nilipie ada ya usajili. Nifanyeje?

Usilipe, na usibonyeze kiungo. Hata Jamaica, iliyotoa zawadi kweli, iliitoa kupitia pochi yenye leseni na haikumdai mtu ada kwanza. Fungua tovuti ya benki kuu kwa kuandika anwani yake mwenyewe, angalia orodha ya watoa huduma wenye leseni. Kama umeshatoa namba ya siri, ibadilishe sasa hivi, kisha ipigie kampuni yako namba iliyo kwenye tovuti yake rasmi. Usitumie namba iliyoandikwa kwenye ujumbe huo.